Yai la Hryvnia 17

Januari 2023, Ukraine ikiwa vitani na Urusi, mwandishi wa habari Yuriy Nikolov alianika bei za chakula cha askari katika mkataba wa Wizara ya Ulinzi. Yai moja: hryvnia 17. Madukani Kyiv liliuzwa kwa takriban hryvnia 7.

Huenda msikilizaji akauliza: je, huko si kumpa adui la kusema? Hoja hiyo haina mashiko. Fedha inayotafunwa kwenye mayai ndiyo inayokosekana kwenye mahandaki. Naibu waziri wa ulinzi alijiuzulu mwezi huohuo, na baadaye ikapitishwa sheria ya kuweka wazi bei za manunuzi ya jeshi yasiyo ya silaha.

Raia wanaohoji matumizi ya fedha hizo ndio hao hao wanaochangia ulinzi. Shirika la Come Back Alive, lililoanza 2014, hukusanya michango ya wananchi na kuwanunulia wapiganaji droni, magari na vifaa vya kuonea usiku.

Sauti ya raia ilisikika tena tarehe 22 Julai 2025, Rais Zelenskyy aliposaini sheria iliyozibana taasisi mbili za kupambana na rushwa. Jioni hiyohiyo vijana walimiminika barabarani Kyiv wakiwa na mabango ya maboksi yaliyoandikwa kwa mkono, ingawa sheria ya kijeshi inazuia mikusanyiko.

Hawakuitaka serikali iondoke. Walitaka sheria hiyo tu iondolewe. Tarehe 31 Julai, Bunge lilizirudishia taasisi hizo uhuru wake.