Ushanga wa Udongo: Kazi ya Mikono, Afya ya Fundi na Bei ya Haki

Maandishi ya mazungumzo kwa vikundi vya mafundi wa mapambo, Soweto East na Kawangware



Ushanga ni kitu kidogo, lakini historia yake hapa nchini ni ndefu. Katika pango la Enkapune ya Muto, upande wa Naivasha, wachimbuaji walipata shanga za maganda ya mayai ya mbuni zinazokadiriwa kuwa na umri wa miaka 40,000 hivi. Mtu wa kale hakuwa na soko wala duka, ila alikaa akatoboa ganda, akalisugua likawa duara, akalivaa. Tangu wakati huo mikono haijapumzika. Zilikuja shanga za mbegu, za mifupa na za udongo, kisha misafara ya pwani ikaleta bara shanga za kioo kutoka India na Venice, na Wamaasai na Wasamburu wakazifanya zao kabisa.

Mafundi wa Kibera wanaendeleza kazi hiyo hiyo kwa vitu vilivyo karibu nao. Mifupa ya ng'ombe na ngamia kutoka machinjioni huchemshwa, husafishwa, hukatwa kwa msumeno na kusuguliwa mpaka ing'ae. Mingine huchorwa kwa nta ya moto na kutiwa rangi nyeusi ili michoro ibaki meupe. Kufuli kuukuu na mifereji iliyoharibika huyeyushwa ikawa bangili za shaba nyeupe na ya manjano. Karatasi za magazeti na kalenda hukatwa pembetatu ndefu, zikaviringishwa na kupakwa vanishi, kama wanavyofanya akina mama wa Kireka kule Kampala. Na huko Karen, mwaka 1975, Susan Wood alianza na wanawake wawili kufinyanga shanga za udongo katika kibanda cha bustani. Kazi hiyo ndiyo ikawa Kazuri, karakana ambayo imewapa ajira mamia ya wanawake, wengi wao wakilea watoto peke yao.

Sasa umeingia udongo wa aina nyingine, udongo wa polima. Vijana wanaupenda kwa sababu una rangi nyingi na hauhitaji tanuri la mfinyanzi. Mazungumzo haya yanahusu udongo huo: ulivyo, unavyookwa bila kumdhuru mtu, na namna fundi anavyoweza kuishi kwa kazi yake.

Udongo usiotoka ardhini

Ingawa unaitwa udongo, kiini chake ni plastiki ya aina ya PVC iliyochanganywa na kilainishi na rangi. Ulianzia Ujerumani, ambako Fifi Rehbinder aliutumia kufinyangia. Mwaka 1964 kampuni ya Eberhard Faber ikauchukua, na ndio unaouzwa hadi leo kwa jina la Fimo. Kwa kuwa hauna maji, haukauki kwa hewa kama udongo wa mtoni. Hubaki laini mpaka upate joto.

Kazi yenyewe haitaki mashine. Chupa ya kioo hutosha kusukumia, wembe hukata, na kijiti cha meno hutoboa tundu. Fundi huukanda kwanza mpaka upate ulaini, kama anavyokanda unga wa chapati. Akitaka maua au nyota ndani ya ushanga, hupanga vijiti vya rangi mbalimbali vikawa gogo moja nene, kisha hulibana na kulinyoosha polepole. Gogo huwa jembamba lakini picha iliyo ndani haipotei, hupungua tu. Likikatwa vipande vyembamba, kila kipande hutoka na ua lile lile. Wafua kioo wa Venice walitumia njia hii kwa karne nyingi, na baadhi ya shanga zao zilifika Afrika kama bidhaa za biashara. Kijana wa Soweto East anayekata gogo lake kwa wembe anafanya kwa plastiki kile ambacho wao walifanya kwa kioo cha moto.

Udongo ambao haujaokwa huhifadhiwa katika karatasi ya nta, maana ukiachwa juu ya baadhi ya plastiki huzishika na kuziyeyusha. Fundi hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumshika mtoto. Vyombo vya udongo havirudi jikoni tena. Sufuria iliyookea shanga haipikiwi ugali.

Joto ndilo jambo kubwa

Pakiti nyingi huelekeza joto la kati ya nyuzi 110 na 130 za selsiasi, kwa muda wa dakika 30 kwa kila unene wa milimita 6. Kila aina ina maelekezo yake na ni lazima yasomwe. Joto likiwa dogo, ushanga utaonekana mzuri lakini utavunjika kama biskuti. Joto likizidi sana, plastiki huungua na kutoa moshi mkali wenye asidi, unaochoma macho na kifua.

Asiye na oveni hutumia sufuria kubwa yenye mchanga mkavu wa kina cha kidole kimoja. Juu ya mchanga huwekwa kigae, shanga hupangwa juu ya kigae, na kifuniko hufungwa. Kipimajoto cha oveni hukaa ndani, sambamba na shanga, na joto hutulizwa kwanza kabla shanga hazijaingia. Makaa ya jiko hayana kidhibiti, hupanda ghafla. Kwa hiyo anayeoka haondoki, wala hamwachii mtoto zamu. Joto likipita kiwango, jiko huondolewa chini ya sufuria mara moja. Harufu kali ikitoka, watu huondoka mahali hapo, na kifuniko hakifunguliwi mpaka sufuria ipoe.

Kazi hii hufanyika nje, penye hewa. Chumba cha futi kumi kwa kumi ambamo watoto wanalala si karakana ya kuokea. Makaa yanayowaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na hewa hiyo huua hata kama hakuna ushanga wowote jikoni. Wanaoishi kwenye ghorofa nao wamkumbuke jirani wa mlango wa pili. Tahadhari hii inawahusu pia wanaosugua mifupa na shanga kwa msasa: vumbi lisiingie kifuani. Kusugua kwa msasa wa maji hupunguza vumbi, na barakoa husaidia.

Asiye na fedha za udongo wa kigeni

Udongo wa polima huagizwa kutoka nje na bei yake si ndogo. Anayejifunza anaweza kuanza na udongo wa unga: kikombe kimoja cha unga laini wa wanga wa mahindi, kikombe kimoja cha gundi nyeupe, vijiko viwili vya mafuta na vijiko viwili vya siki au maji ya ndimu. Mchanganyiko hukorogwa juu ya moto mdogo mpaka ujikusanye kama sima, kisha hukandwa ukiwa vuguvugu na kufungwa vizuri usikauke. Hautaki kuokwa, kwani hukauka kwa hewa katika siku moja hadi tatu, ukisinyaa kidogo. Udhaifu wake ni maji, hivyo ni lazima upakwe vanishi, na mnunuzi aambiwe asiogee nao. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Mkono unaojifunzia udongo wa bei nafuu hautaharibu ule wa ghali baadaye.

Hesabu inayoumiza

Wengi hawakwami katika ufundi. Hukwama katika bei. Huu hapa mfano wa hesabu tu. Pakiti ndogo ya gramu 57 hutoa takriban shanga 50 za upana wa sentimita moja. Ikiwa pakiti imenunuliwa kwa shilingi 600, kila ushanga una udongo wa shilingi 12. Vipuli vyenye shanga sita vina udongo wa shilingi 72. Ndoano za masikio ni 20, kadi na vanishi 20, makaa 10, na fungu la nauli 20. Jumla ni shilingi 142. Akiviuza kwa 200, fundi hufurahi kwamba amebaki na 58.

Lakini vipuli hivyo vimemchukua dakika 45. Akijilipa shilingi 120 kwa saa, kazi yake ina thamani ya shilingi 90, na gharama ya kweli ni 232. Kwa hiyo ameuza kwa hasara ya shilingi 32, na aliyeilipa ni yeye mwenyewe kwa mgongo na macho yake. Mwezi ukiisha, anashangaa kwa nini ameuza sana na bado kodi ya nyumba haijatimia.

Ndiyo maana daftari ni chombo cha kazi kama wembe. Kila fundi aandike alichonunua, muda alioutumia na bei aliyouzia. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, husema watu. Lakini sokoni hata chema hakijiuzi kikiwa kimefichwa chini ya kitanda. Maasai Market, maonyesho ya shule na makanisa, na picha nzuri ya simu iliyopigwa kwenye mwanga wa asubuhi humfikisha mnunuzi. Dalali akija, bei ya jumla iwe juu ya gharama ya kweli, si juu ya gharama ya udongo peke yake.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Uzuri wa kazi hii umo pia katika kukaa pamoja. Mezani, mama wa miaka 60 aliyezoea shanga za Kimaasai humfundisha msichana wa miaka 18 kupanga rangi, naye msichana humfundisha mama kukata gogo la maua. Kule Marekani na Ulaya, wapenzi wa udongo huu walijiunga katika vyama na kufundishana mbinu waziwazi, na ndiyo sababu ufundi ulikua upesi. Kikundi cha Kawangware na kile cha Soweto East vinaweza kununua udongo kwa pamoja, kuwa na sufuria moja na kipimajoto kimoja, na kuoka siku moja kwa zamu.

Hata hivyo, kufundishana si kunyang'anyana. Mbinu ni ya wote, lakini muundo aliobuni mwenzako usiuigize na kuuweka pembeni ya meza yake kwa nusu bei. Vikundi vikubaliane mapema na kuandika. Vilevile mnunuzi aambiwe ukweli: plastiki ni plastiki, na mfupa ni mfupa. Kenya iliteketeza tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali kwa biashara hiyo. Fundi wa mifupa aweke risiti za machinjioni ili asitiliwe shaka.

Wakazi wa Soweto East wanajua kuhama. Mwaka 2009 familia zilihamia nyumba za muda za Lang'ata kupisha ujenzi, na mwaka 2016 nyumba mpya 822 zikakabidhiwa. Kibanda cha biashara huvunjwa na wateja wakapotea. Ufundi wa mikono huingia katika mfuko mmoja na kuhama na mwenyewe. Kinachobaki ni kuupa msingi: kikundi cha watu kumi au zaidi kisajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kifungue akaunti, na kiweke akiba. Hapo ndipo milango ya hazina za serikali zinazokopesha vikundi inapoweza kubishwa. Mkopo hurudishwa, kwa hiyo uombwe baada ya daftari kuonyesha faida, si kabla.

Wanaotaka kusajili kikundi wafike ofisi ya maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo yao wakiwa na katiba, orodha ya wanachama, nakala za vitambulisho na kumbukumbu za mkutano wa kuchagua viongozi. Wanaotaka kuuza katika kibanda au duka waulizie leseni ya biashara ya kaunti mapema, kabla ya kulipia nafasi.