Kabla ya kununua motere ingine

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Kindu

Mwenyekiti aliniomba niseme juu ya motere ya mtumbwi wetu. Nitasema yote, hata yale yanayonipa haya mimi mwenyewe.

Mnajua kwa nini mtumbwi huu upo. Muji wetu umekatwa na Lualaba: Kasuku na Mikelenge upande wa kushoto, Alunguli upande wa kuume, na daraja hatuna. Wakati tulirudi kutoka ukimbizi, wengi walikuta shamba iko ng'ambo moja na soko iko ng'ambo ingine. Ndiyo maana tulitafuta motere ya farasi 15, ili mama mwenye muhogo wake asipoteze nusu ya siku juu ya maji.

Kisha motere ikaanza kututesa. Asubuhi inawaka vizuri. Mkifika katikati ya maji, inapunguza sauti, inazima. Dereva anavuta kamba mpaka mkono unachoka, hakuna. Wanangoja dakika kumi, anavuta tena, inawaka kama vile haikufanya kitu. Siku tatu iko sawa, siku ya nne inakataa. Motere iliyokufa kabisa ni rahisi, juu fundi anaona ugonjwa. Lakini hii, kila mara tukiipeleka kwa fundi, ilikuwa inawaka.

Tulinunua buji mara tatu. Kila mara tukibadilisha, motere ilikuwa inawaka, nasi tukasema: haya, ilikuwa buji. Wiki moja haipiti, ugonjwa umerudi.

Siku moja mtumbwi ulikuwa na watu 14, na kati yao mama mwenye mtoto mwenye homa kali. Motere ikazima. Maji iliwabeba chini mpaka wakashika kwenye mchanga, na kutoka pale walipiga kasia karibu saa mbili. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini ile jioni maneno yakaanza: dereva anauza esansi yetu, kisha anajaza maji ndani ya tanki. Mimi niliamini. Niliandika barua mbili: moja ya kumsimamisha dereva kazi, ingine ya kuomba wafadhili motere mpya.

Kabla ya kuzituma, niliongea na mzee mmoja aliyetengeneza motere za mtoni miaka mingi. Hakuuliza bei ya motere. Aliuliza hivi: "Ikizima, mnatoa buji? Mnaikuta imelowa ao ni kavu?" Hakuna aliyejua. Akatuambia tununue kaye, na kila mara motere ikizima tuandike: saa ngapi, tanki imejaa ao hapana, nani alileta esansi, buji iko namna gani, na tulifanya nini mbele haijawaka tena.

Kwa wiki mbili ilizima mara tano. Mara zote tano buji ilikuwa kavu. Ile inamaanisha esansi haifiki. Kama ingekuwa imelowa, tungejua esansi inafika, ila moto hakuna ao imeingia nyingi kupita kiasi. Mara zote tano, ule mpira wa kukamua ulio kwenye bomba, wenye ba fundi wanaita puwari, ulikuwa umebanwa kama tunda lililonyonywa. Na mara zote tano, tanki ilijazwa kwa kadafi, ikabebwa kwa pikipiki.

Pale ndipo tuliona. Juu ya kifuniko cha tanki kuna visi ndogo ya kuingiza hewa. Mwenye pikipiki alikuwa anaifunga ili esansi isimwagike njiani, na alifanya vizuri. Lakini ku bandari hakuna aliyeifungua. Motere inanyonya esansi, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, mwisho esansi inakataa kutoka. Tanki ikijaa sana, hewa iliyo ndani ni kidogo, kwa hiyo inazima haraka zaidi. Motere ikizima, dereva anafungua kifuniko kuangalia kama esansi imekwisha. Hewa inaingia, motere inawaka. Sisi tulisema imepumzika! Na siku tuliyojaza kwa bidoni pale pale mtoni, visi ilibaki wazi, shida hakuna.

Kwa hiyo, kwa kila mmoja anayepanda mtumbwi huu, utaratibu ni huu. Kwanza yale yasiyo na bei: visi ya hewa iko wazi? Kamba ya usalama iko mahali pake? Motere iko katikati, haiko kwenye vitesi? Pili, kamua puwari mpaka iwe ngumu. Ikibaki laini, hewa inaingia kwenye bomba ao tanki iko tupu. Ikibanwa, tanki haipumui. Tatu, angalia kama kuna maji chini ya filtre. Nne tu, toa buji: imelowa ao ni kavu? Ukipima moto wa buji, ifanyie mbali na esansi. Na yote iandikwe ndani ya kaye.

Ba rafiki mnaotusaidia, ile barua ya kuomba motere mpya niliichana. Siku itafika hii itazeeka, tutawaambia. Leo tunaomba kisanduku: buji za akiba, ufunguo wake, filtre, bomba moja na puwari yake, na siku chache za mafunzo kwa madereva wanne, ili kazi isibaki kwa mtu mmoja.

Barua ingine pia niliichana, lakini ile haitoshi. Ndugu dereva, umekaa pale nyuma. Nilikushtaki moyoni mwangu na kwenye karatasi kwa kosa la visi iliyofungwa. Mbele ya wote, naomba msamaha. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa ku bandari, unionyeshe namna ya kuvuta kamba.