Maana ya Kuwapita Wengine

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika mtaa huu wa Kabalagala mtoto husema Kiganda na mama yake, husoma Kiingereza shuleni, na husikia Kiswahili barabarani. Basi yawapasa wazee kuyapima maneno anayorudi nayo nyumbani, kwani neno likipotoka maana, mwenendo nao hupotoka.

Waingereza wana kitenzi "surpass", walichokipata kwa Wafaransa, na asili yake ni kupita juu. Kitenzi hiki hutaka atajwe aliyepitwa. Mwenziwe ni "outdo", nacho kina harufu ya mashindano. Lakini kiko cha tatu, "excel", chenye asili ya Kilatini, ambacho kwa kawaida hakitaji aliyeshindwa. Husemwa kuwa mwanafunzi "excels" katika hesabu, na maneno yametimia. Tena husemwa kuwa mtu amejipita mwenyewe, yaani kazi yake ya leo imeizidi ya jana.

Kiganda kina "okusinga". Mganda akisema, "Musa asinga Ali obuwanvu", maana yake Musa amemzidi Ali kwa urefu. Hapa hapana budi wawepo wawili, kama ilivyo katika "kushinda" na "kuzidi" kwa Kiswahili.

Hapo ndipo penye mtego. Mzazi huiona "excel" katika ripoti ya mtoto, akaifasiri kwa "okusinga", kisha akauliza, "Umemshinda nani?" Mara mtoto wa jirani, pengine ndugu wa tumbo moja, akafanywa kipimo cha aibu. Fasiri iliyo karibu zaidi ni kuwa hodari mno.

Mtihani wa mwisho wa shule za msingi Uganda ni shahidi. Masomo ni manne, na matokeo bora kabisa ni jumla ya 4, yaani alama ya 1 kwa kila somo. Watoto wengi huipata jumla hiyo mwaka mmoja, wala mmoja hamnyang'anyi mwenziwe.

Waislamu wameamrishwa kushindana katika mambo ya kheri, kama ilivyo katika Sura al-Baqara, aya ya 148. Na kheri haipungui kwa kuwa jirani naye ameipata.

Basi mtoto arudipo na ripoti, aulizwe kwanza, "Umejua nini ambacho muhula uliopita hukukijua?" Swali hilo halimvunji mtu heshima.

Wabillahi tawfiq.