Kiingereza cha Usaili wa Benki: Tuanze na Tunachokijua

Yafuatayo ni maandishi ya mada iliyotolewa na Kitengo cha Mawasiliano cha Halmashauri mbele ya vijana na wazazi wa Kata ya Kanazi.



Kila benki inapotangaza nafasi za kazi, na kila Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapoita wasailiwa, wapo vijana wa kata hii wenye stashahada na shahada za uhasibu, biashara na uchumi wanaotuma maombi. Baadhi yao huitwa. Mzazi huuza mbuzi au mikungu kadhaa ya ndizi, nauli ya Dodoma au Dar es Salaam ikapatikana, kijana akasafiri, akaketi katika chumba cha mtihani kwa muda mfupi, kisha akarudi nyumbani kusubiri jina lake. Jina lisipotokea, ukimwuliza ni nini kilichomshinda, mara nyingi hataji hesabu wala uhasibu. Hutaja Kiingereza. Hilo linauma kuliko kushindwa kwa kutojua, kwa sababu kazi anaijua. Alichokosa ni sentensi ya kuonyesha kwamba anaijua.

Tusiwalaumu watoto wetu. Mtoto wa Kanazi huanza na Ruhaya jikoni kwa mama yake, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na afikapo kidato cha kwanza hukutana na fizikia, jiografia na historia kwa lugha ya tatu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imefupisha elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, lakini sekondari bado inafundishwa kwa Kiingereza. Katika mikutano ya vijiji huwa tunaulizwa: kwa nini karani apimwe kwa Kiingereza ilhali mteja atakayemhudumia dirishani atazungumza Kiswahili? Swali hilo ni la haki, na kwa sehemu kubwa naliunga mkono. Hata hivyo, taarifa za ndani za benki, mikataba mingi ya mikopo na mifumo ya kompyuta anayoifungua karani kila asubuhi viko kwa Kiingereza, na mtihani hautatusubiri tumalize mjadala. Leo basi nazungumzia namna ya kujiandaa.

Nianze na jambo ninaloliona kwa vijana wengi wanaojiandaa. Hununua daftari kubwa, wakajaza orodha ya maneno magumu yasiyotumika hata na wenye lugha, wakayakariri usiku na mchana. Sioni faida kubwa ya kazi hiyo. Anayesahihisha karatasi ya mwombaji wa kazi ya benki hatafuti maneno ya kifalme. Hutazama kama mwombaji ameelewa swali, na kama anaweza kuandika sentensi fupi isiyo na kosa. Makosa yanayotuangusha ni yale yale machache, na yanatokana na tofauti kati ya lugha zetu na Kiingereza. Ukiijua tofauti, umekwisha kulipata kosa kabla halijaandikwa.

Tazameni neno kuazima. Katika Kiswahili cha mitaani, anayetoa anaazima na anayepokea anaazima. Tukitaka kutenganisha tunaongeza kiambishi mwishoni: kukopa na kukopesha, shina ni moja. Kiingereza hakina kiambishi hicho. Kina maneno mawili yasiyofanana hata kidogo, "borrow" kwa anayechukua na "lend" kwa anayetoa. Kijana akiandika "the bank borrowed me money", amesema benki ndiyo iliyokopa, na mbaya zaidi, ameyasema hayo mbele ya benki. Hakuna biashara ambamo kosa hilo ni zito kuliko hii. Andikeni sentensi kumi za "borrow" na kumi za "lend" mpaka mkono uzoee.

Kisha liko suala la kitenzi. Sisi alama ya mtendaji tunaiweka mwanzoni: mteja anaweka, wateja wanaweka. Kiingereza huiweka mwishoni, na katika wakati uliopo huiweka kwa mtu mmoja tu: "the customer deposits", lakini "the customers deposit". Herufi moja ya "s", nayo huhama: inapokuwa kwenye nomino ya wingi, haimo kwenye kitenzi. Wengine kwa kufuata mazoea ya kiambishi chetu huandika "the customer he deposits", kana kwamba ile a- ya anaweka imevuka mpaka pamoja nao. Iacheni mpakani.

Hiyo hiyo a- haitofautishi mwanamume na mwanamke, ndiyo maana hata watu waliosoma sana huanza habari ya meneja mwanamke kwa "she" na kuimalizia kwa "he". Dawa yake ni kusoma upya ulichoandika ukitafuta kosa hilo peke yake.

Na nyakati. Katika mazungumzo tunasema "nimeenda benki jana" na hakuna anayeshtuka. Kwa Kiingereza, ukishataja jana, juzi au mwaka fulani, umefunga mlango: ni "I went to the bank yesterday", wala si "I have gone". Maneno ushauri, taarifa na vifaa nayo yana mtego wake. Kwa Kiingereza "advice", "information" na "equipment" hayaongezwi "s" hata ushauri ukiwa wa wazee ishirini.

Sisi tuliokulia Ruhaya, baadhi yetu ulimi huchanganya r na l, na mkono huandika kile ambacho ulimi umesema. "Collect" ni kuchukua au kukusanya. "Correct" ni kusahihisha, au ni sahihi. Mteja anayeambiwa achukue kadi yake hajaambiwa aisahihishe. Sioni aibu katika hili, maana kila lugha humwachia mtu harufu yake. Lakini katika maandishi ni neno jingine kabisa, na alama inakwenda.

Kuhusu msamiati, maneno yanayostahili kukaririwa ni yale ya kawaida ambayo yakiingia benki hubadilika maana. "Interest" ni hamu ya jambo; benki ni riba. "Balance" ni mizani. Benki ni salio. "Security" si mlinzi wa getini tu, ni dhamana, yaani nyumba au shamba uliloliweka rehani. Neno ninalolipenda katika kundi hili ni "outstanding". Shuleni, mwanafunzi "outstanding" ni yule anayeng'ara kuliko wenzake. Mkopo "outstanding" haung'ari: ni deni ambalo bado halijalipwa. Mtu asiyejua hilo anaweza kusoma kifungu kizima kuhusu mkopaji aliyeelemewa akadhani anasoma sifa zake.

Mtauliza, maneno hayo tuyasome wapi wakati vitabu ni ghali? Benki Kuu ya Tanzania huchapisha taarifa ya Kamati ya Sera ya Fedha katika tovuti yake kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Zisomeni mbili kwa pamoja, aya kwa aya. Ni mwalimu asiyelipwa. Januari 2024 Benki Kuu ilianza kutumia mfumo wa riba katika kuendesha sera ya fedha, ikaweka riba yake kuwa asilimia 5.5. Aprili 2024 iliipandisha hadi asilimia 6, na Julai 2025 ikaishusha hadi asilimia 5.75. Jaribuni kuandika habari hiyo kwa Kiingereza, mtaona wepesi wake ni wa juu juu. Riba ilipanda "from 5.5 percent to 6 percent": hapo "to" ni hadi. Ukitaka kutaja ongezeko lenyewe utatumia "by", na itakubidi useme "by 0.5 percentage points". Ukisema "by 0.5 percent", umesema imepanda kwa nusu ya sehemu moja ya mia ya ile 5.5, yaani chini ya 0.03, na riba ingebaki karibu pale pale. Tofauti ya neno moja imebeba tofauti kubwa ya fedha, na hapo mtihani wa lugha na mtihani wa hesabu huwa kitu kimoja.

Mwenye simu isiyo na intaneti asikate tamaa. Maktaba ya Mkoa iko Bukoba mjini. Yapo pia matangazo yanayobandikwa ukutani katika matawi ya benki, ambayo wengi tunayapita tukikimbilia foleni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa. Zoezi bora la Kiingereza kwa kijana wa Kanazi ni kueleza mambo ya Kanazi. Wote hapa mnaijua butura. Mnajua jinsi mkulima mwenye shida ya ada anavyouza kahawa ingali mbichi mtini, kwa bei ya kutupwa, na jinsi Serikali inavyoikataza biashara hiyo. Sasa fikirini mbele yenu kuna jopo la usaili, watu ambao hawajawahi kuvuka Ziwa Victoria, wanakuuliza ni matatizo gani ya kifedha yanawakabili wakulima wa kwenu. Wengi wangetafuta maneno makubwa ya uchumi, wakazama. Sikilizeni sentensi hizi: "A farmer needs school fees. He sells his coffee while it is still green on the tree. The buyer pays him a low price. At harvest, the coffee belongs to the buyer."

Sentensi nne, na hamna humo neno ambalo mtoto wa kidato cha pili halijui. Lakini kila moja ina kitenzi chenye ile "s" tuliyoizungumza: "needs", "sells", "pays", "belongs". Mkulima akiwa mama, basi "he" iwe "she", "his" na "him" ziwe "her". Ukiongeza sentensi ya tano, kwamba mkopo nafuu wa chama cha msingi au wa benki ungemwepusha na butura, utakuwa umejibu swali kama mtu wa benki, kwa sababu umewaonyesha mteja, shida yake na bidhaa inayomfaa. Jopo litakusikiliza kwa kuwa unazungumzia usichokariri.

Fanyeni hivyo kila siku kwa nusu saa. Leo andika kuhusu malipo ya kahawa, kesho kuhusu kikundi cha kuweka na kukopa cha shangazi yako, keshokutwa kuhusu mikopo ya asilimia 10 ambayo halmashauri hutoa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba, kwa Kiingereza "interest-free". Someni kwa sauti, wawili wawili, mmoja akisikiliza makosa ya mwenzake. Wazazi, mkimkuta kijana anaongea peke yake kibarazani kwa Kiingereza, msimcheke. Kicheko cha nyumbani kimewanyamazisha wengi.

Nisisahau maelekezo ya mtihani, kwani wengi huanguka kabla ya swali la kwanza. "Answer any three" ni matatu yoyote, wala si yote. "At least" ni isiyopungua, "at most" ni isiyozidi. Swali linaloanza kwa "Which of the following is NOT" linataka lile lisilo kweli, nalo huwakamata wenye haraka.

Na tangazo la kazi lenyewe ni mtihani wa kwanza. Matangazo mengi ya Sekretarieti ya Ajira hueleza kwamba nakala za vyeti ziwe zimethibitishwa, yaani "certified", na kwamba karatasi za matokeo za kidato cha nne na cha sita, zile "result slips", hazikubaliki badala ya cheti. Asiyeelewa mstari huo anaambatisha karatasi ya matokeo, anaondolewa, na kubaki akidhani ameonewa. Hakikisheni pia majina yenu yanalingana katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha Taifa. Marekebisho huchukua muda, na tangazo halikai wazi muda mrefu.

Kuhusu wanaowapigia simu wakidai wana majibu ya mtihani kwa malipo, au wana mtu wao ndani ya benki: ni matapeli. Kuomba kazi kupitia Ajira Portal hakulipiwi. Anayedai fedha mripotini polisi, na fedha ya mbuzi wa mzazi ibaki kuwa nauli.

Sitawadanganya kwamba Kiingereza kizuri kitampa kila mtu kazi. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, tena wanatoka nchi nzima. Ninachosema ni kwamba kijana aliyejiandaa hushindwa kwa sababu nafasi zimejaa, na hilo ni jambo jingine kabisa na kushindwa kwa sababu ya "borrow" na "lend". Na Kiingereza alichokipata hakimtoki. Kitamfaa kwenye chama cha ushirika, kwa wanunuzi wa kahawa wa nje, hata akiamua kujiajiri.

Nawaachia sentensi tatu mkazitafsiri kwa maandishi kabla ya kulala. Ya kwanza: Mama aliazima fedha kwa jirani ili alipe ada ya mwanawe. Ya pili: Chama kimekuwa kikiwakopesha wakulima tangu mwaka 2020. Ya tatu: Ushauri ambao meneja alimpa mteja jana ulikuwa mzuri, lakini salio lake halikutosha. Mkimaliza, mpelekeeni mwalimu wa Kiingereza aliye karibu nanyi awasahihishie, na katika ile ya tatu mwulizeni salio hilo ni la nani, la meneja au la mteja, na Kiingereza chenu kimelionyeshaje.