Kushauriana na Wakaaji Kabla ya Kuchora Ramani: Habari za Mukuru
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Halmashauri imeniomba niseme juu ya kazi ambayo wengi wetu twaigusa kwa kalamu pasipo kuiona kwa macho, nayo ni kupanga upya mahali pakubwa penye watu. Faili hufika mezani, ramani imekunjwa ndani yake. Twaandika nambari, twaipeleka mbele. Wale wakaao ndani ya ramani hawaonekani. Basi sitasema kwa jumla. Nitaeleza habari za mahali pamoja tu, yaani Mukuru, katika upande wa mashariki wa mji wa Nairobi.

Mukuru ni vijiji vitatu vilivyoshikana: Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, karibu na viwanda vya mji na mto Ngong. Sehemu kubwa ya ardhi si mali ya wakaao juu yake. Zamani Serikali iliwagawia watu wengine kwa hati ili wajenge viwanda vidogo. Wengi wao hawakujenga, na watu waliokuja mjini kutafuta kazi wakasimamisha vyumba vya mabati. Hivyo mahali pamoja pana watu wa namna tatu: mwenye hati asiyekaa hapo, mwenye vyumba apokeaye kodi, na mpangaji ailipaye, nao wapangaji ndio wengi kabisa. Nawasihi mwakumbuke hao watatu, maana ofisini neno "wenyeji" huandikwa kana kwamba ni mtu mmoja mwenye nia moja.

Mwezi wa Agosti 2017 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango. Kwa tangazo hilo ujenzi mpya ulizuiwa kwa muda wa miaka miwili, ili mpango upate kutengenezwa. Lakini kazi ilikuwa imeanza mbele ya tangazo. Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakaaji wa mitaa ya namna hiyo kilichoanza mwaka 1996, pamoja na walimu wa vyuo vikuu na wanasheria, walikuwa wamekwisha kupeleleza mambo ya mtaa: maji yauzwa kwa bei gani, umeme watoka wapi, choo kimoja chatumiwa na watu wangapi. Ikaonekana kwamba maskini wa Mukuru hununua maji kwa bei iliyo kubwa kuliko ile ya watu wa mitaa yenye mabomba. Mkubwa wa ofisi aweza kuyaweka malalamiko kando, lakini hesabu iliyoandikwa vizuri humlazimu kuijibu. Sisi makarani twalijua jambo hili kuliko mtu yeyote.

Sasa mwaona shida yenyewe. Jamaa wa Mukuru walipata kiasi cha 100,000. Huwezi kuwaita wote uwanjani, na hata ukiwaita, watakaosema ni wale wenye sauti na wenye nafasi. Mama mwenye mtoto mchanga hatafika, wala kijana aliye katika zamu ya usiku kiwandani. Kwa hiyo wakafuata desturi ya nyumba kumi: kila nyumba kumi zilitoa mjumbe, wajumbe wakakutana katika vikundi vilivyo vikubwa zaidi, na juu yake mtaa wote ukagawanywa sehemu 13. Wataalamu nao, kutoka mashirika zaidi ya 40, waligawanywa makundi kwa kazi zao: maji, nyumba, afya, elimu, ardhi, fedha na mengineyo.

Mashauri yalikuwa magumu hasa katika habari ya barabara. Kanuni za mipango ya miji zataka barabara pana. Zikifuatwa neno kwa neno katika mtaa uliosongamana hivyo, vyumba vingi mno huvunjwa. Mwenye kuchora ofisini huona mstari tu. Mkaaji huona kwamba mstari wapita juu ya kitanda chake, tena ajua kichochoro kipi hujaa maji wakati wa masika na kipi chaweza kupanuliwa bila kuhamisha watu wengi. Maarifa hayo hayamo katika faili yoyote.

Isidhaniwe, lakini, kwamba kushauriana kuliwakinga na kila baya. Mwaka 2020 na baada yake barabara, mabomba na hospitali zilijengwa, watu wakafurahi. Kisha mwishoni mwa mwaka 2021 nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa katika Mukuru kwa Njenga ili barabara ipite, na wengi wakalala nje juu ya vifusi vyao. Mtaa ni ule ule uliokuwa umeketi na kushauriana. Wajumbe wa nyumba kumi walikuwako, na mpango uliandikwa. Ila tingatinga haliulizi kama kuna mpango.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya utawala. Sharti hili karani aweza kulitimiza kwa karatasi na kulivunja kwa kweli. Nimeona mara nyingi orodha ya waliohudhuria ikiambatishwa kana kwamba ni hati ya kukubali. Mtu alitia sahihi kwa kuwa alifika, labda kwa kuwa palikuwa na chai, na sahihi yake ikasafiri mpaka juu kama ridhaa. Hilo tulikatae mezani petu. Orodha ya mahudhurio na iandikwe hivyo juu yake. Mpangaji na mwenye vyumba waandikwe katika madaftari mbalimbali. Muhtasari wa kikao usomwe kwa Kiswahili katika kikao kinachofuata, na aliyepinga aandikwe kwamba alipinga, pamoja na sababu yake. Na ramani ibandikwe mtaani ingali kwa penseli.

Bwana Rais, ningependa Halmashauri ilizungumze hilo la orodha za mahudhurio kabla ya mkutano mkuu. Maswali nitayapokea sasa.