Mpishi, Tazama Mawingu Kabla ya Kuwasha Jiko

Mazungumzo ya afisa wa afya ya umma na wauzaji wa pizza, chapati na mandazi, pamoja na wapishi wa sherehe, mjini Kitengela

Asanteni kwa kuacha biashara na kuja hapa. Najua kila saa mnayokaa kwenye kiti hiki ni chapati ambazo hazijauzwa, kwa hivyo sitawachosha. Nina jambo moja tu. Mapishi uliyojifunza ni yale yale mwaka mzima, lakini hewa ya Kajiado haikai vile vile. Mpishi asiyeifuata hewa hupata hasara, na wakati mwingine huwaumiza wageni wake.

Tuanze na unga. Unga wa ngano hunyonya unyevu ulio hewani na pia huupoteza. Januari na Februari, jua likiwa kali na upepo ukivuma kutoka mbugani, unga hukauka na huhitaji maji zaidi kidogo. Machi hadi Mei, mvua ya masika ikinyesha, unga huo huo huwa na unyevu wake, na maji ya kipimo cha Januari yataufanya unate mikononi. Ndiyo maana mpishi aliyezoea hewa ya Mombasa akifika hapa hushangaa: kipimo ni kile kile, lakini unga haumtii.

Dawa yake ni rahisi. Kama kilo moja ya unga wa pizza huchukua mililita 600 za maji, usimimine zote mara moja. Bakisha 50, kanda kwanza, kisha ongeza kidogo kidogo hadi mkono wako uridhike. Wakati wa kiangazi funika unga kwa kitambaa chenye unyevu, la sivyo utafanya ngozi juu na kupasuka unapousukuma. Gunia la unga liwe juu ya ubao, mbali na ukuta na sakafu, hasa msimu wa mvua. Unga ulioota ukungu usipikwe wala kuuzwa.

Kuhusu hamira, msitegemee saa. Kitengela iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hivyo unga hufura haraka kuliko Pwani. Siku ya joto tumia maji baridi na upunguze hamira. Julai, baridi ikiuma, tumia maji ya vuguvugu na uwe na subira. Maji ya moto huua hamira. Unga ukiwa umefura mara mbili ya ulivyokuwa, uko tayari, hata kama saa inasema vingine.

Sasa tuje kwenye jambo lililonileta hasa, yaani chakula cha sherehe za nje.

Chukueni mfano wa harusi kule Isinya. Wageni wameambiwa chakula ni saa saba mchana. Mpishi amepika pilau saa kumi na moja alfajiri ili asichelewe. Maharusi wanafika saa tisa, hotuba zinakwisha saa kumi na moja jioni. Pilau hiyo imekaa nusu siku ndani ya sufuria kubwa, chini ya hema lenye joto. Mpishi anasema, "Nitaipasha moto."

Ndugu zangu, hapo ndipo tunapokosea. Wali una aina ya bakteria ambao mbegu zao haziuawi na kuchemka. Chakula kikikaa vuguvugu, mbegu huamka, bakteria huongezeka na kuacha sumu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Mgeni atatapika usiku huo huo, na kesho yake jina lako litazungumzwa mtaa mzima.

Kumbukeni namba mbili: 5 na 60. Kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, bakteria huzaana. Chakula cha moto kibaki juu ya 60, cha baridi kibaki chini ya 5. Kikikaa katikati kwa saa mbili, kimeharibika kwako hata kama kinanukia vizuri. Joto la hewa likipita nyuzi 32, kama siku nyingi kule Magadi, hesabu ni saa moja tu. Kanuni hii ni ya nyama, wali, kachumbari na hata pizza yenye jibini.

Kwa hivyo pikeni wali kwenye eneo la sherehe, kwa awamu, katika sufuria ndogo. Nunueni kipimajoto. Bei yake ni ndogo kuliko hasara ya sherehe moja. Maharagwe na nyama vipewe muda zaidi, kwa kuwa kwa urefu wetu huu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100.

Mvua ikianza ghafla, msiingize jiko la makaa ndani ya hema lililofungwa. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na huua. Upepo ukivuma wakati wa kiangazi, wekeni jiko mbali na nyasi kavu, na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Siku hizi tuna zaidi ya mawingu, kwa kuwa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila siku na wa wiki. Usomeni kabla ya kukubali pesa za mteja, kisha mkubaliane naye mapema: hema liko wapi, chakula kitatolewa saa ngapi, na tukichelewa tutafanyaje.

Na wageni wakiugua, msifiche. Wapelekeni hospitalini, wekeni sampuli ya chakula, na mtuarifu sisi maafisa wa afya wa wadi yenu. Tunataka kujua kilichotokea ili kisimpate mwingine.