Kujitolea Hakuna Amri: Funzo la Kijiji cha Litowa



Neno kujitolea limezoeleka mno katika nchi hii, hata maana yake imeanza kuchakaa. Mwananchi akifuatwa nyumbani na mgambo kwa sababu hajatoa mchango wa darasa, huambiwa kwamba amekataa kujitolea. Kiongozi akishika koleo kwa dakika tano, picha ikapigwa, kisha akarudi garini, husifiwa kwamba amejitolea. Kabla kijana yeyote hajafunga mzigo wake kwenda kusaidia kijiji, ni haki aelezwe habari za watu waliojitolea kweli, kazi waliyoifanya, na jinsi kazi hiyo ilivyokatizwa na mikono ya ndugu zao wenyewe.

Mwaka 1960, kabla bendera ya Mwingereza haijateremshwa, kikundi kidogo cha Vijana wa TANU katika wilaya ya Songea kiliingia msituni mahali paitwapo Litowa. Kiongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Hapana budi kukumbuka hali ya kijana wa Songea wakati ule. Njia iliyokuwa wazi kwake ilikuwa kwenda umanamba: kutia sahihi ya dole gumba, kusafirishwa hadi Tanga, na kukata mkonge wa tajiri kwa ujira wa kijungu jiko. Wengi walikwenda, na wako ambao hawakurudi. Vijana wa Litowa waliamua kwamba jasho lao litamwagika katika ardhi ya kwao. Hawakuwa na trekta, hawakuwa na mkopo, wala hapakuwa na mtaalamu wa kuwaongoza. Walikuwa na majembe, mashoka na nia.

Nia peke yake haijazi ghala. Jaribio la kwanza lilishindwa. Chakula kilikwisha na watu wakatawanyika. Jambo hili halipendezi kusimuliwa katika sherehe, lakini ndilo lenye mafunzo mengi. Waliorudi mwaka 1961 walirudi wakijua njaa ya msituni inafananaje, na hakuna aliyewaita wala kuwalazimisha. Wakalima mahindi, wakajenga nyumba, wakaleta wake zao na watoto. Kijiji kikasimama.

Habari ikaenea. Vijiji vingine vikaanzishwa kwa mfano huo, na mwaka 1963 vikaungana katika Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma, iliyojulikana kwa kifupi RDA. Mwaka huohuo Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, alihamia Litowa na mkewe Noreen na watoto wao. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi katika shamba la ushirika la St Faith's, Rhodesia ya Kusini, ambako Waafrika na Wazungu walijaribu kuishi kwa usawa katika nchi ya ubaguzi. Litowa hakupewa cheo cha kuamrisha. Alikuwa mshauri, akiulizwa alijibu, na uamuzi ulikuwa wa mkutano wa kijiji. Alikaa miaka sita. Kijana anayedhani kwamba wiki mbili za likizo zinatosha kukiamsha kijiji na aitafakari miaka hiyo sita.

Uhai wa Litowa ulikuwa katika mkutano. Wanakijiji walikaa pamoja, wakachagua viongozi wao, wakapanga kazi, na aliyezembea aliulizwa mbele ya wenzake na si mbele ya polisi. Wanawake walisema, nao walisikilizwa. Katika miaka ile, na hata leo katika vijiji vingi, jambo hilo si dogo. Watoto wadogo walitunzwa pamoja ili mama zao wapate nafasi ya kwenda shambani bila wasiwasi. Vijiji vilivyoungana vilipata mashine ya kusaga nafaka mjini Songea, mashine ya kupasua mbao na karakana. Mkulima aliyezoea kuuza mahindi yake kwa bei ya kutupa, kisha akanunua unga kwa bei ya kuruka, anaelewa thamani ya mashine iliyo mali yake mwenyewe.

Tena palikuwa na shule. Shule ya Litowa iliwapokea watoto wa vijiji vya jumuiya, na humo mtoto alijifunza hesabu na kusoma bila kufundishwa kulidharau jembe la baba yake. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, shule ile ilikuwa imekwisha kuyafanya mengi ya yale yaliyoandikwa. Na alipotoa Ujamaa Vijijini mwezi Septemba mwaka huohuo, hakuwa akiota ndoto: palikuwapo mahali nchini ambapo wakulima walikuwa wakiishi hivyo kwa hiari yao.

Na aitazame mtu njia nyingine iliyojaribiwa miaka ileile. Baada ya Uhuru serikali ilianzisha makazi mapya ya wakulima, yenye matrekta, mameneja na mikopo mikubwa. Walowezi wa makazi yale walipewa takriban kila kitu, hata wakazoea kungoja. Trekta likiharibika, kazi ya serikali. Mazao yakiharibika, hasara ya serikali. Mwezi Aprili 1966, Makamu wa Pili wa Rais, Ndugu Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba makazi mapya ya namna hiyo hayataanzishwa tena. Fedha ilikuwapo, mashine zilikuwapo. Waliokosekana ni watu wanaosema: hiki ni chetu.

Basi, ndugu, nani aliiua RDA? Si mabeberu wala ukame. Mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kwamba vijiji vyote vya ujamaa viwe chini ya uongozi wa Chama moja kwa moja, na jumuiya ile ikavunjwa. Mali yake ikachukuliwa. Ibbott na familia yake wakaondoka. Vijana waliotoka katika jumuiya ya vijana ya Chama hichohicho, waliokuwa wakitekeleza siasa ya Chama kabla haijaandikwa, wakaambiwa kwamba chombo chao hakihitajiki.

Jambo hili lazima lisemwe katika ukumbi wa Chama, kwa maana likisemwa na wengine huitwa uchochezi. Kosa la RDA machoni pa wakubwa wengi lilikuwa kwamba ilijiamulia mambo yake. Kiongozi aliyezoea kuamini kwamba maendeleo hushuka kutoka ofisini kwake huona tishio akikuta wananchi wamekwisha kuanza bila yeye. Hamchukii mkulima mvivu. Huyo humpa sababu ya kutoa hotuba. Anayemkera ni mkulima anayeuliza maswali. Katika andiko lake la Uhuru na Maendeleo la mwaka 1968, Mwalimu alikuwa amekwisha kuonya kwamba watu hawaendelezwi na mwingine, hujiendeleza wenyewe. Mwaka mmoja baadaye viongozi wenzake wakapiga teke mfano ulio hai wa maneno yale.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwezi Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri, na mwisho wa 1976 ukawekwa kuwa kikomo. Mamilioni ya watu walihamishwa. Katika sehemu nyingine nyumba zilibomolewa au kuchomwa, na watu wakashushwa kandokando ya barabara, mbali na mashamba yao, mbali na maji. Si haki kusema kwamba hapakuwa na faida: shule na zahanati zilifika mahali ambapo hazikuwahi kufika. Mwalimu mwenyewe, alipopima miaka kumi ya Azimio la Arusha mwaka 1977, alikiri kwamba yalitendeka makosa. Lakini kijiji kikiwa kimezaliwa kwa lori la serikali, wakazi wake hukaa wakingoja lori jingine. Shamba la pamoja likawa shamba la hakuna mtu.

Wako vijana watakaouliza: haya ya zamani yanahusiana nini na safari yetu? Yanahusiana sana. Mnakwenda mkiwa na saruji, vitabu na dawa za kusafishia visima. Vitu hivyo ni vizuri. Lakini mkifika kijijini na mpango uliokwisha kuandikwa, mkajenga darasa mahali ambapo wazee walitaka zahanati, darasa hilo litakuwa lenu, na paa likiezuliwa na upepo mtaandikiwa barua mje kuliezeka. Kaeni kwanza mkutanoni, nyuma, msikilize. Mwanamke anayechota maji mbali anajua kisima kichimbwe wapi kuliko ramani ya wilaya. Akisema mwaka huu kijiji hakina nguvu ya kujenga kwa sababu ni mwezi wa palizi, ngojeni palizi iishe, au chukueni majembe mpalilie naye. Na makatibu wa matawi wasilete orodha ya majina ya watakaojitolea. Aliyeorodheshwa hakujitolea.

Litowa haikuwa peke yake katika jumuiya ile. Kijiji cha Matetereka, upande wa Njombe, nacho kilianzishwa na vijana wa TANU na kilikuwa mwanachama. Uamuzi wa 1969 ulipofika, mashine zilikwenda na jina la jumuiya likafutwa. Watu wa Matetereka waliendelea kulima shamba lao la pamoja kwa miaka mingi baadaye, bila amri ya mtu.